Anachokula Maua Kule Vihingo

Jumapili, 6 Aprili

Nimerudi nyumbani Sofu peke yangu. Maua amebaki Vihingo kwa mama mkwe wangu, Bi Tatu, mpaka shule ifungwe Juni. Ana miaka mitatu na miezi minne, na hajawahi kulala mbali nami hata siku moja.

Hakukuwa na njia nyingine. Evaline, msichana aliyekuwa akinisaidia nyumbani, amerudi kwao Iringa. Mimi nina vipindi ishirini na nane vya baiolojia kwa wiki, pamoja na zamu ya bweni. Mume wangu Yassin yuko mgodini Geita na likizo yake ni Agosti. Bi Tatu alisema kwenye simu, "Mlete mke mwenzangu, mie nipo tu hapa na babu yake." Nilitafuta sababu ya kukataa nisiipate, isipokuwa ile moja ambayo huwezi kumwambia mama mkwe.

Leo asubuhi nilikaa naye jikoni nikamweleza upya. Maua hali nyama. Hali samaki, dagaa, mayai, wala maziwa isipokuwa yale aliyonyonya kwangu. Anakula uji wa ulezi wenye karanga za kusaga, maharage, kunde, mbaazi, mchicha, parachichi, kisamvu cha nazi kisichotiwa dagaa. Bi Tatu alikuwa akipembua choroko, anasikiliza bila kuinua uso.

"Na mchuzi? Nikimtoa samaki, nikampa mchuzi wenyewe?"

"Hapana, mama."

"Hata harufu?"

"Harufu haina neno."

Mzee Mwinyimadi, baba mkwe, akadakia kutoka barazani. "Tatu, kamba ipo. Asubuhi unamfunga pale kwenye majani na mbuzi, jioni unakwenda kuwafungua wote wawili."

Bi Tatu hakucheka. Aliweka ungo chini akaniuliza, "Huyu ni amana, mwanangu?"

Nikasema ni amana.

"Basi nimeipokea."

Dereva wa bodaboda alikuwa akipiga honi, wingu limeshatanda upande wa Mzenga. Nilimkabidhi mama ile chupa ndogo ya matone ya vitamini B12, haraka haraka: matone matatu kila siku, mama. Ni chupa mpya. Ile ya zamani iliisha tangu Januari na kila nikipita duka la dawa nilikuwa nasahau. Aliipokea kwa mikono miwili.

Maua hakunitazama nilipoondoka. Alikuwa akimkimbiza bata.

Jumatatu, 7 Aprili

Vipindi sita. Nimefua nguo zake zilizobaki. Zilikuwa safi.

Alhamisi, 10 Aprili

Ofisini mwalimu mwenzangu Bernard ameniuliza mtoto yuko wapi. Nilipomwambia, akacheka mpaka chai ikamwagika. "Madamu, umemkabidhi fisi bucha! Bibi wa Kizaramo, na mpunga unaiva, na mto una samaki. Huyo mtoto ukimrudisha atakuwa anakudai perege."

Kisha akaniuliza, kwa upole, kwa nini hasa. Nikamjibu kama ninavyowajibu wote: ni uamuzi wangu tu. Lakini huku kwenye daftari naweza kuandika.

Mwaka wa pili chuoni nilikuwa nikisoma sayansi ya mifugo. Nilipelekwa mafunzo kwa vitendo wiki sita kwenye kiwanda kimoja cha kutotolesha vifaranga. Kazi yangu ilikuwa kutazama bawa la kifaranga wa siku moja. Tetea kulia, kwenye boksi. Jogoo kushoto, kwenye mfuko, kwa kuwa jogoo hatagi na hana faida. Nilikuwa mwepesi kuliko wenzangu wote na msimamizi alinisifu mbele yao. Mfuko ulipiga kelele mpaka ulipofungwa, na baada ya kufungwa uliendelea kidogo. Nilihamia ualimu mwaka uliofuata. Kutoka siku ile sijala kitu kilichokuwa na mama.

Nilipompata Maua nilijiambia: huyu mmoja, mikono yake itakuwa safi. Sijui kama ni haki kumpa mtoto usafi ambao hakuuomba. Lakini hata wanaompa nyama hawamuulizi.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimeongea naye dakika nne. Kila ninachouliza anajibu, "Bata kaingia ndani." Mama akasema, "Kala uji, kala kunde, kashiba." Nilitaka kuuliza kunde zimeungwa na nini. Nikauliza. "Nazi, mwanangu. Nazi na chumvi."

Jumanne, 15 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Wanafunzi nusu hawakuja.

Jumapili, 20 Aprili

Wifi yangu Anifa, dada yake Yassin, ndiye mwenye simu ya picha pale Vihingo. Leo ametuma tatu. Ya kwanza Maua na kofia ya babu yake. Ya pili Maua kwenye dungu shambani, analinda mpunga na bibi yake, mdomo wazi, anapigia ndege kelele. Ya tatu Maua na bakuli.

Nimeikuza ile ya tatu mpaka wali ukawa vipande vya mraba. Kuna kitu cha kahawia pembeni. Nimeshinda nacho. Saa nane nimemtumia Anifa ujumbe: kile cha kahawia ni nini?

Akanijibu kwa sauti, anacheka: "Ni ukoko, wifi! Kaulilia mwenyewe. Wewe mwalimu, hujui ukoko?"

Nimeona aibu. Kisha nimeikuza tena.

Jumatano, 23 Aprili

Nimegundua kwamba sikumbuki harufu ya kichwa chake. Nakumbuka kwamba ipo, lakini yenyewe siioni puani. Siku kumi na saba tu.

Ijumaa, 25 Aprili

Yassin amepiga. Anasema nimemchosha mama yake kwa maswali. "Unamhoji kama mwizi, Firdausi. Amelea sisi watano, hakuna aliyekufa."

Nikamwambia sisemi atakufa. Akauliza, basi unaogopa nini? Mtandao ukakatika, au alikata yeye.

Naogopa siku ataonja apende, na mimi sipo. Naogopa kwamba atanirudia akiwa wao, si wangu.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Mvua. Ukuta wa choo cha jirani umeanguka.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu. Naandika kwa hasira, au kwa kitu kingine.

Anifa alituma picha asubuhi. Maua amesimama uani, amebeba sahani ya bati kwa mikono miwili. Juu ya sahani kuna miiba ya samaki na kichwa kizima. Anatabasamu.

Nilimpigia Bi Tatu pale pale.

"Mama, shikamoo. Maua ameshika sahani yenye miiba."

"Marahaba. Miiba ya babu yake hiyo."

"Kwa nini iko mkononi mwake?"

"Anampelekea paka. Ndiyo kazi yake siku hizi, kajipa mwenyewe."

"Mama, uso wake una mafuta."

"Mafuta ya nazi. Nimempaka. Mtoto apauke?"

Hapo ningenyamaza. Nilisema, "Mama, bora uniambie umemlisha kuliko kunidanganya."

Nilisikia kuku. Nilisikia mtu akitwanga nyumba ya pili. Halafu akasema, "Nimekusikia, mama Maua." Simu ikakatika.

Siku zote huniita mwanangu.

Ijumaa, 2 Mei

Simu ya mama haipatikani. Ya Anifa haipatikani.

Jumapili, 4 Mei

Mto Ruvu umefurika na barabara ya Mlandizi kwenda Mzenga, njia yetu ya Vihingo, imekatika. Watu wanasema mnara nao umezimika. Basi ninaweza kuamini kwamba ni mnara.

Jumatatu, 5 Mei

Haipatikani.

Jumanne, 6 Mei

Haipatikani. Leo darasani nimefundisha lishe, kidato cha tatu. Msichana mmoja akauliza, "Madamu, eti mtu akila mboga tu anapungukiwa nini?" Nikataja B12 kwa ufasaha mkubwa: hutengenezwa na vijidudu, mimea haina, asiyekula vya wanyama lazima aipate kwa matone au vidonge. Niliandika ubaoni na kupigia mstari.

Nilipoweka chaki chini nilihesabu. Chupa iliisha Januari. Februari hakuna. Machi hakuna. Na mimi mwenyewe, miaka miwili ile niliyomnyonyesha, vidonge vyangu nilimeza nilipokumbuka.

Lakini tangu Aprili anapata. Mama anampa. Alipokea kwa mikono miwili.

Alhamisi, 8 Mei

Anifa amenipata saa tano asubuhi. Amepanda mpaka kilimani kutafuta mtandao, anahema.

"Wifi, usishtuke."

Nikashtuka.

"Maua kalegea. Siku ya tano hii hataki kucheza, hata paka hampelekei. Anajikwaa. Homa hana, tumempima malaria pale zahanati hana. Na ulimi wake, wifi, umekuwa mwekundu, laini, kama umepigwa pasi."

Nilijua kabla hajamaliza. Nilikuwa nimepigia mstari juzi.

"Matone anapewa?"

"Matone gani?"

Nimeomba ruhusa shuleni. Kesho alfajiri naondoka. Kwa kuwa njia ya Mlandizi haipitiki, nazunguka kwa Kisarawe mjini.

Jumamosi, 10 Mei

Niliingia Vihingo jana saa kumi jioni, tope mpaka magotini, dereva wa bodaboda na mimi tumeisukuma pikipiki kuliko tulivyoipanda.

Maua alikuwa amelala kwenye mkeka barazani, kichwa kwenye paja la bibi yake. Hakuinuka. Alinitazama kama mtu anayetazama jambo ambalo ameshalifikiria sana, akasema, "Mama kaja," akimwambia bibi, si mimi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya karatasi. Nilimchukua. Alikuwa mwepesi.

Nilimuuliza mama matone yako wapi. Ule upole wote niliokuwa nimejipangia njiani ulikuwa umeisha.

Bi Tatu aliingia chumbani. Nilisikia sanduku likifunguliwa. Akarudi na kifundo cha kanga mpya, akakifungua taratibu. Ndani ya kanga leso, ndani ya leso chupa. Imejaa, imepungua kidogo tu shingoni.

"Nimeitunza," akasema. "Haijaanguka hata siku moja."

"Mama, nilisema kila siku."

"Ulisema. Nami nilimtazama mtoto mzima, anacheka, anakimbiza bata. Dawa ya dukani unampa mtoto mzima? Unauita ugonjwa ambao haukumkumbuka. Nikasema hii nitaiweka, siku akiumwa isikosekane. Akaumwa. Nikampa siku tatu, kama dozi. Hakupata nafuu, nikaona basi si dawa yake."

Mzee Mwinyimadi akapiga fimbo sakafuni. "Matone, matone! Mtoto kakosa samaki, hakukosa matone. Nilisema. Huyu bibi yenu kamkatalia hata kichwa cha dagaa. Mimi mwenyewe nilitaka kumpa kipande cha perege, kidogo hivi, kama ukucha. Alinipokonya sahani mkononi mbele ya wageni! Mke wangu, miaka arobaini na mbili!"

Nikamgeukia Bi Tatu. Alikuwa akiikunja ile kanga.

"Hajala kitu?" nikauliza.

"Kitu gani?"

"Samaki. Yai. Chochote."

"Si ulisema asile?"

Hakuwa amenijibu kwa ukali. Alikuwa ananiuliza kweli.

Nimeitafuta hapa sentensi ya kueleza jinsi nilivyojisikia na siipati. Wiki tano nimekuza picha nikitafuta usaliti kwenye bakuli la wali. Angenisaliti kidogo, kila Ijumaa kipande kama ukucha, huenda mwanangu angekuwa anakimbia.

Jumapili, 11 Mei

Hospitali, Kisarawe mjini. Wamemlaza. Damu yake ni saba nukta nne.

Jumatatu, 12 Mei

Daktari anaitwa Castory, kijana, huenda rika langu. Ametuita ofisini, mimi na Bi Tatu, akaeleza kwa Kiswahili chepesi kwa ajili ya mama. Chembe za damu za Maua ni kubwa kuliko kawaida, na chache. Amekosa B12. Atachomwa sindano, mwanzo mara kwa mara, kisha kila wiki pale zahanati ya Vihingo. Miguu itapata nguvu. Tumewahi.

Bi Tatu akasema, "Ni mimi, daktari. Nilificha chupa."

Daktari akatikisa kichwa. "Bibi, akiba ya hiki kitu mwilini haiishi kwa wiki tano. Hii haikuanza kwako." Akanigeukia. "Ulimnyonyesha muda gani?"

"Miaka miwili."

"Ukiwa huli vya wanyama?"

"Ndiyo."

"Vidonge ulikuwa unameza?"

"Mara nyingine."

"Na yeye, kabla ya kwenda kwa bibi?"

"Tangu Januari hakupata."

Aliandika. Hakunihukumu, ningependa anihukumu. Akasema, "Chakula chako si kibaya, mwalimu. Wapo wanaolea watoto hivi na wanakua. Lakini hakitaki mtu wa mara nyingine. Ukimtoa mtoto kwenye samaki, kile ulichokitoa unakirudisha kwa njia nyingine kila siku, au unamrudishia samaki. Chagua, lakini uchague kila asubuhi."

Tulikaa kwenye benchi la nje, mimi na mama. Mvua ilikuwa imekatika kidogo. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Kwa yale maneno ya kwenye simu."

"Yaliniuma."

"Najua."

"Hujui. Ungenidhania kitu kingine, mwanangu, uchawi hata. Lakini chakula cha mtoto?" Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Hivi hiki kitu, hasa kimetoka wapi? Dini si dini, ugonjwa si ugonjwa."

Nikamhadithia ule mfuko. Sijawahi kumhadithia mtu, hata Yassin anajua nusu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mie nimenyonyoa kuku tangu nina miaka saba," akasema, "na nalala usingizi wangu vizuri." Akanishika goti. "Ila huo mfuko, usije ukamhadithia Maua. Huo ubaki na wewe."

Alhamisi, 15 Mei

Leo amemtupia muuguzi kijiko. Mungu ni mkubwa. Kesho tunaruhusiwa.

Jumamosi, 17 Mei

Kikao kimefanyika barazani Vihingo baada ya adhuhuri. Mzee, Bi Tatu, Anifa, mimi, na Yassin kwenye simu iliyowekwa juu ya kigoda.

Mzee alifungua. "Sina maneno mengi. Mtoto ni wa ukoo huu. Atabaki hapa, na kuanzia leo atakula tunachokula. Mama yake atakuja kumtembelea, mlango haufungwi."

Sauti ya Yassin ikatoka kigodani: "Baba amesema sawa. Firdausi, mpeni samaki tu yaishe. Mimi huku silali."

Nilikuwa na majibu mawili tayari. Nilikuwa nimeyapanga hospitalini kwa siku tano, kwa hoja na takwimu. La kwanza: namchukua kesho, narudi naye Sofu, matone kila asubuhi, asinifundishe mtu. La pili, kumwacha ale samaki, sikutaka kulitazama. Kabla sijafungua mdomo Bi Tatu akasogeza mkeka wake mbele.

"Hakuna atakayempa samaki ndani ya nyumba yangu," akasema. "Nilipokea amana isiyo na samaki. Kosa langu ni chupa, na la chupa nimelitubu. Mwenye amana ndiye anayeibadilisha, si baba wala babu. Mwenyewe huyo hapo. Aseme."

"Tatu," mzee akasema.

"Aseme."

Wote wakanitazama. Maua alikuwa uani na paka, anatembea kwa kujikongoja, anamkemea. Niliona yote kwa pamoja: chumba chetu cha Sofu, zamu ya bweni, asubuhi ninazokimbia kengele, msaidizi mwingine nisiyemjua nitakayemwachia mtoto na maelekezo mlangoni. Naijua sana sababu ya kumlisha hivi. Lakini aliyelifuata neno langu siku thelathini na tatu, bila kuliamini, akagombana na mumewe kwa ajili yake, ni yule mwanamke aliyekaa mbele yangu miguu amekunja.

Nikasema, "Abaki hapa kwa mama mpaka Agosti. Asile samaki. Matone kila siku, na sindano kila wiki. Shule ikifungwa Juni nitakuja kukaa nanyi likizo yote."

Anifa akasema, "Heee, wifi!"

Mzee akanigeukia. "Yaani unamwacha, na samaki hali?"

"Ndiyo, baba."

"Mmenishinda," akasema. "Wanawake wawili, hata sijui nani kamroga mwenzie." Akainuka kwenda kutawadha.

Bi Tatu hakuinuka. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Yale matone, kabla ya uji au baada?"

"Vyovyote, mama."

"Hapana. Sema moja."

"Kabla."

"Kabla," akarudia, na akairudia tena peke yake, midomo ikicheza.

Jumapili, 18 Mei

Nimeondoka leo asubuhi. Nilijua hatalia, na nilijiandaa kwa hilo, na maandalizi hayakunisaidia kitu. Alikuwa ameketi mlangoni na bakuli lake la uji. Nilipiga magoti nikaweka pua kichwani kwake, nikavuta pumzi kama mtu anayechota maji ya safari.

"Unakwenda?"

"Nakwenda kazini. Nitarudi kabla mpunga haujaisha kuvunwa."

Akafikiri. Akanishika shavu kwa mkono wenye uji na kunitazama kwa ukali ule ule ambao bibi yake humtazama nao kila asubuhi.

"Haya. Ukifika ule, mama. Usiniambie umeshiba na hujala."

Nimefika saa kumi na moja. Nimebandika kunde, nimekuna nazi. Nimekula mpaka sufuria ikaisha, nimekaa upande wa dirishani anapokaa yeye.